Hapa Tunapima Iliyonyesha

2 Machi, Jumapili

Mvua ya kwanza ya masika imeingia alfajiri, milimita saba. Nimetoka na mwavuli na miwani, nimeinamia kipima mvua changu nyuma ya jiko, nimesoma, nimemwaga, nimerudi ndani kuandika kwenye blogu, kisha kwenye daftari hili langu. Mke wangu anasema wanaume wengine wakiamka wanawatazama wake zao, wa kwake anakwenda kutazama kopo. Anaisema hiyo kila masika tangu tuoane, na kila akiisema anacheka peke yake.

Blogu yangu inaitwa Mvua Yetu. Juu kabisa niliandika maneno ambayo sijayagusa tangu siku niliyoifungua: Hapa tunapima iliyonyesha. Ya kesho haijanyesha. Wasomaji wangu ni wachache na karibu wote nawafahamu kwa kazi zao. Yupo bwana shamba, yupo mama mwenye kitalu cha miche, na yupo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfyatua matofali. Huyu ndiye msomaji wangu mkubwa. Kabla hajaanika matofali mabichi hufungua kurasa za mwaka jana na mwaka juzi, tarehe zile zile, akaona mvua ilikuja lini na kwa kiasi gani, ndipo anakata shauri. Anasema kwenye blogu yangu mambo yamekaa kama mashati kabatini, mtu akirudi anayakuta.

5 Machi

Milimita tatu. Chaki zimeisha shuleni, nimefundisha mito na mabonde kwa mdomo mtupu.

9 Machi, Jumapili

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mkwe umeanguka. Alikuwa upande wa mbele anachambua mchele, hakuumia, ila chumba cha kulala sasa kinatazama shambani. Tumemleta kwetu. Tumemtandikia godoro sebuleni, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya mke wangu. Ni mtu mwenye haya sana. Hata kama nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, anakohoa kwanza kabla hajapita mbele yangu.

Shemeji alikuja jioni. Anasema atafyatua matofali mapya, ayaanike, ayachome kabla mvua kubwa hazijashika, halafu ajenge upya. Mama mkwe akamuuliza kama atawahi. Shemeji akaninyooshea kidole.

"Nina huyu hapa, mama. Huyu akisema imenyesha, imenyesha."

Nilijisikia mtu kweli kweli.

12 Machi

Milimita tano. Leo Mwalimu wa Hesabu amenipania chumba cha walimu. Ameuliza blogu yangu ina wasomaji wangapi, nikajaribu kuzunguka, akanibana mpaka nikamtajia.

"Ndugu yangu, hiyo si blogu, hiyo ni kuimba bafuni. Sauti unaisikia wewe na ndoo."

Nikamwambia blogu ni nyumba yangu. Naandika nitakavyo, nakipanga kitu nitakavyo, na nilichoandika miaka sita iliyopita bado kipo mahali pake. Mtandao wenu ni soko, kila mtu anapiga kelele, na jioni wanafagia.

"Sawa," akasema, "ila watu wako sokoni. Huko nyumbani kwako kuna nani?"

Walimu wote wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimechomwa. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshanifungulia ukurasa kwenye simu yangu mwenyewe. Nilikataa kidogo, kama mgeni anavyokataa kuongezwa chai.

15 Machi

Milimita kumi na moja. Nimeweka picha ya kipima mvua kwenye ukurasa mpya. Kufika saa nne laiki zilikuwa zimewapita wasomaji wote wa blogu wa mwezi mzima. Mwalimu wa Hesabu ameisambaza kwa ndugu zake wote.

18 Machi

Milimita kumi na tisa. Nimeandika "karibu ishirini". Ishirini inasomeka vizuri zaidi.

22 Machi

Milimita ishirini na sita. Nimeandika "mvua ya kufa mtu". Hakuna aliyekufa, lakini imesambazwa sana.

25 Machi

Shemeji amepiga simu wakati nasahihisha madaftari.

"Shemeji, mbona nyumbani kwako kumefungwa? Nafungua blogu, naona mambo ya wiki iliyopita tu."

"Nimehamia mtandaoni. Nifuate huko."

"Huko nimechungulia. Ya leo naiona, ya juzi siipati. Nikishuka kuitafuta nakutana na watu wanaocheza muziki."

"Utazoea tu."

Akasema haya, kama wewe umehama na mimi nahama. Jioni nikaona amefungua ukurasa, picha yake ni tanuri linalotoa moshi. Mfuasi wake wa kwanza ni mimi, wa pili ni mke wangu. Nilikusudia kuijaza blogu kila siku sambamba na mtandao, lakini kuandika mara mbili kunachosha, na kule kwenye blogu hakuna anayesema asante.

29 Machi, Jumamosi

Leo sikutoka kwenda kupima. Niliamka na komenti nyingi za kujibu, nje kulikuwa na tope, nikachungulia dirishani nikakadiria. Nimeandika milimita kumi na mbili. Mchana nilipokwenda kumwaga nikakuta kumi na saba.

Hakuna aliyejua. Nimeona aibu kidogo, ile ya mtu aliyejikwaa barabara ikiwa tupu. Nimetazama huku na huku nikaendelea na safari.

3 Aprili

Kavu. Wafuasi wamepita elfu nne. Wanafunzi wa kidato cha pili wameanza kuniita Mtaalamu, na mimi nimejifanya sisikii huku nasikia vizuri. Nilimwambia mama mkwe habari za watu elfu nne wanaonifuata. Akafikiri kidogo huku anakunja shuka lake.

"Sasa wewe unakwenda wapi, mkwe wangu, mpaka wakufuate wote hao?"

Mke wangu alicheka mpaka akasimamisha cherehani.

7 Aprili, Jumatatu

Siku ya tano bila mvua. Watu wameanza kuuliza ya mbele. Kuna bibi harusi anayefunga ndoa Jumamosi na ukumbi wake ni uwanja wa wazi. Kuna watu wa mpira. Kuna mama anayepaka nyumba rangi. Nikawajibu wote kwa yale maneno yangu ya zamani, kwamba hapa tunapima iliyonyesha. Jibu hilo halikupata laiki hata ya dawa. Mmoja akaandika, "Sasa faida yako nini? Iliyonyesha si tunaiona wenyewe tukilowa?" Maneno hayo nimekwenda nayo darasani na nimerudi nayo.

Jioni nilipita uwanjani kwa shemeji. Matofali ya mama yote yameshafyatuliwa, yamepangwa safu kwa safu chini ya turubai kubwa la kijani, na yeye anatembea katikati yake akiinua moja moja kulipima uzito kwa mkono. Bado mabichi ndani. Chini ya turubai yanakauka polepole mno, akasema, yakipata jua la siku tatu wazi anayapanga tanuri na kuwasha moto. Yakipata mvua kabla hayajachomwa yanarudi kuwa udongo.

"Wewe unaonaje mpaka Jumamosi?"

"Sijui, shemeji."

"Basi kama hujui, turubai linabaki."

Hakuona ubaya wowote katika kutojua kwangu. Mimi ndiye niliyeona.

9 Aprili, Jumatano

Leo nimeandika. "Mpaka Jumapili kavu. Anikeni."

Nikijiuliza nimeitoa wapi, jibu ni upepo, siku saba za jua na yule mtu aliyeniuliza faida yangu. Kitu kingine sina. Lakini ukurasa umewaka moto. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana laiki zilikuwa zimepita elfu moja, na Mwalimu wa Hesabu amenipa mkono mbele ya mwalimu mkuu. Katikati ya majina yote hayo nikaiona picha ya tanuri. Shemeji naye amebonyeza moyo.

11 Aprili, Ijumaa

Kavu bado, ila wingu limejaa upande wa milimani, zito, la rangi ya sufuria. Nimemwambia mke wangu aanue nguo na vitambaa vya wateja aviingize ndani. Nilifungua simu nirekebishe ile posti, nikakuta bibi harusi ameandika "Mungu akubariki Mtaalamu, nimelala kwa amani". Laiki elfu tatu. Nikaizima simu. Huenda wingu likapita upande mwingine.

12 Aprili, Jumamosi

Halikupita. Ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Nilikaa kitandani naisikiliza kwenye bati na kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa matofali. Nilifikiria ukurasa. Naandika hivi kwa sababu hapa daftarini hakuna wa kunisoma, na kama hapa napo nitadanganya basi sina tena pa kusemea ukweli.

Niliichukua simu nikaifuta ile posti. Kidole kimoja, mara mbili, ikatoweka na laiki zake zote na dua ya bibi harusi. Kulipopambazuka nikatoka na mwavuli kupima: milimita sitini na moja, kubwa kuliko zote tangu nianze kupima. Nikalipiga picha kopo limejaa, mawingu nyuma yake, nikaandika, "Sitini na moja! Poleni wote mlioathirika." Hakuna picha yangu iliyowahi kupendwa kama hiyo.

Saa tatu ikaja komenti ya shemeji. Ameandika, "Shemeji ulisema kavu mpaka jumapili, nimetoa turubai juzi, matofali yote ya mama yamekwisha."

Wafuasi wangu ndio waliojibu. Wakamwambia alete ushahidi. Wakamwambia atafute hiyo posti aioneshe, na yeye maskini akaenda kuitafuta, akarudi akaandika, "siioni lakini ilikuwepo". Hapo wakamvamia. Wawili watatu waliosema hata wao waliiona walizomewa hivyo hivyo wakanyamaza. Mtu mmoja akaandika, "Fundi umefyatua tope unamsingizia Mtaalamu," na wengine wakalidaka. Kufika saa sita alikuwa haitwi fundi tena, anaitwa Tope.

Na mimi nilikuwa nimekaa hapa mezani natazama, na chai mbele yangu.

13 Aprili, Jumapili

Milimita nne.

Shemeji alikuja mchana. Viatu aliviacha nje kwa sababu vilikuwa udongo mtupu, akaingia peku, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini. Mke wangu alikuwa anapasi, mama mkwe amekaa kwenye godoro lake, mimi nilikuwa nakula. Nilijua amekuja kunitukana na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Kwa alilolifanya sikuwa nimejiandaa.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi."

Nikamuuliza radhi ya nini.

"Nimekuchafua mbele za watu wako. Nimekaa na simu kutwa nzima jana, nimetafuta juu mpaka chini, hayo maneno hayapo. Simu yangu kioo kimepasuka, unajua. Labda nilisoma ya mtu mwingine nikadhani ni yako. Labda ilikuwa swali mimi nikasoma jibu. Wewe huandiki ya kesho, mimi ndiye mtu wa kwanza kulijua hilo, sijui nilipatwa na nini."

Mama mkwe akamgeukia. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti tangu nimjue.

"Shule nilikupeleka. Viatu nilikununulia. Leo mtu mzima na ndevu zako unashindwa kusoma mstari mmoja, unatia hasara, halafu unakwenda kumtangaza mume wa dada yako kuwa mwongo. Na mimi nitakaa sebuleni kwa watu mpaka lini?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Akasema ameshaandika na kule kwenye ukurasa wangu kuomba msamaha, ili walioona vile waone na hivi. Halafu akaninyooshea mkono juu ya meza, juu ya sahani yangu.

Kulikuwa na nafasi. Nimeipima tangu wakati ule na ninaiona ilivyokuwa kubwa. Mkono wake ulikuwa umenyooka, pasi ya mke wangu ilikuwa imesimama, kila mtu alikuwa ananisubiri mimi. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikafuta vidole, nikaushika ule mkono, nikasema, "Yamekwisha, shemeji. Nimekusamehe."

Nikamsamehe. Halafu nikamwongezea mama mkwe chai.

14 Aprili

Milimita nane. Nimefundisha somo la mawingu kwa kidato cha kwanza na sikumtazama mtoto yeyote usoni.

15 Aprili

Milimita kumi na nane. Nimeusoma msamaha wake mtandaoni. "Naomba radhi kwa mtaalamu na watu wote, nilisoma vibaya, kosa ni langu." Chini yake wamejaza vicheko. Mmoja ameweka picha ya nguruwe anagaagaa kwenye dimbwi.

17 Aprili, Alhamisi

Milimita thelathini. Mke wangu alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hakuniangalia.

"Ijumaa ile uliniambia nianue nguo."

"Eeh."

"Jua lilikuwa linawaka. Ulijuaje?"

Nikamwambia niliona wingu. Akasema na yeye baadaye aliliona. Akaupitisha ule uzi, akaukata kwa meno, akaendelea kushona. Kwa kawaida mke wangu ananiita Mwalimu, kwa utani, hata tukiwa wawili. Tangu Jumapili ile ya msamaha haniiti kitu.

20 Aprili

Milimita ishirini na mbili. Nimekutana na shemeji njiani anasukuma toroli. Watoto watatu wa shule, na wawili ni wanafunzi wangu, walikuwa wanamfuata nyuma wakisema Tope, Tope, kwa sauti ya kuimba. Waliponiona wakanyamaza na kunisalimia kwa heshima zote. "Shikamoo Mtaalamu." Shemeji akatabasamu akasema watoto wa siku hizi wana utundu. Aliniuliza habari za nyumbani. Nilisema nzuri.

Kuna aibu inayopanda usoni na kushuka. Hii haikushuka. Nimetembea nayo mpaka dukani, nimenunua sabuni, nimerudi nayo.

23 Aprili, Jumatano

Milimita tisa. Leo nimefanya uamuzi na nimepata nafuu. Nimefungua blogu, nimeandika kila kitu: kwamba niliandika kavu bila msingi wowote, kwamba niliona wingu nikaanua nguo zangu na kuacha posti, kwamba niliifuta, kwamba shemeji alisoma sawasawa. Nimeandika kwa urefu na kwa uangalifu, kama zamani. Nilisahau jinsi inavyopendeza kuandika mahali ambapo hakuna anayekukata kauli. Mtandao ni wa wapita njia, nilifikiri, jambo zito kama hili mahali pake ni nyumbani, ambapo litakaa miaka. Nimechapisha. Nimelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu wiki ile.

26 Aprili, Jumamosi

Milimita kumi na nne. Nimemwambia mke wangu kwamba nimeungama, nimeandika yote.

Akaweka mkasi chini. "Umeandika wapi?"

"Kwenye blogu."

"Nani anaisoma?"

Nikaanza kuwahesabu. Bwana shamba alihamia mtandaoni nilipohama. Mama wa kitalu hivyo hivyo. Shemeji nilimhamisha mwenyewe kwa simu, nikamwambia utazoea. Nilikwenda nikatazama hesabu ya waliofungua ukurasa ule tangu Jumatano. Ni mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, nilipokuwa narudi kusoma nilivyoandika vizuri.

Nilijua. Hilo ndilo linalonikera leo kuliko hata matofali. Nilipoichagua blogu nilijua kuwa pale hakuna mtu. Niliambiwa naimba bafuni nikachukia, kumbe nimeingia bafuni kuungama na nimefunga mlango.

27 Aprili, Jumapili

Milimita sita. Nimemwambia mama mkwe. Nilipiga magoti kwenye zulia karibu na godoro lake kwa sababu sikuona namna nyingine ya kukaa. Mke wangu alisimama mlangoni. Nilisema taratibu, tangu bibi harusi mpaka kufuta, na ilinibidi nimweleze maana ya kufuta, kwamba kitu kinaandikwa, watu elfu wanakisoma, halafu mtu mmoja anakitoa na kinakuwa hakikuwahi kuwepo.

"Kwa hiyo mwanangu alisoma," akasema.

"Alisoma, mama."

Akavuta uzi uliochomoza kwenye shuka.

"Nilimwambia hajui kusoma. Nilimwambia mbele yako." Hakupandisha sauti safari hii. "Na wewe ukaniongezea chai."

Akamwita binti yake, akamwomba amfungie nguo zake. Mke wangu alimsihi, nikamsihi na mimi, akasema hana ugomvi na mtu, ila anataka kulala kwa mwanaye. Kwa mwanaye ni kibanda kimoja cha mabati pembeni ya uwanja wa matofali, na mvua inanyesha. Aliondoka na furushi lake chini ya mwavuli wangu wa kupimia mvua. Alipopita mbele yangu hakukohoa.

30 Aprili

Sijapima.

2 Mei, Ijumaa

Milimita kumi na moja, nimepima mwenyewe, nimesoma mara mbili.

Leo nimeweka kule kule. Mtandaoni, pale pale penye picha ya kopo, nimeandika kwamba fundi alisema kweli na mimi ndiye niliyefuta. Nimeandika kifupi. Nilijiambia, acha wanimalize, ninastahili. Nilingoja kama mtu anayengoja kuchapwa.

Hawakunimaliza. Mioyo ilianza kumiminika. "Huu ndio uungwana." "Mtaalamu wewe ni jasiri, wangapi wangekiri?" "Nimelia." Bibi harusi wa Jumamosi ile ameandika kwamba alilowa lakini amenisamehe na ndoa ina baraka. Mwalimu wa Hesabu amepiga simu kuniambia kwamba hii imepita hata ile ya sitini na moja, na kwamba ningejua ningeungama mapema. Alikuwa anatania. Wafuasi wameongezeka.

Na mimi, ndiyo, nimetazama hesabu. Nimeitazama mara nyingi mpaka mchana. Nilikuwa natafuta picha ya tanuri na sikuiona, lakini nisiseme kwamba nilikuwa natafuta hiyo tu.

4 Mei, Jumapili

Manyunyu tu. Nimekwenda uwanjani.

Palipokuwa safu za matofali kuna tuta moja pana, limekauka juu na kupasuka pasuka, bado unaona kona za tofali moja moja zimechomoza. Shemeji alikuwa anafyatua upya, peke yake, nusu nzima ya uwanja imefunikwa turubai. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia, akarudi kwenye mchele wake.

Nikamwambia shemeji nimekuja kumwomba msamaha ana kwa ana. Aliendelea kujaza udongo kwenye kalibu, akausawazisha kwa kiganja, akageuza, akanyanyua. Tofali likabaki limesimama.

"Nimesoma," akasema. "Safari hii nimesoma vizuri."

"Najua ulisoma vizuri hata ile ya kwanza."

"Watu wamekusifu sana." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anayenipa habari ambazo huenda sijazipata. "Mimi niliomba radhi wakaniita Tope. Wewe umeomba wamekuita jasiri. Nimekaa na mama hapa tunalitazama jambo hilo, hatujalielewa."

Nikasema nitafanya lolote. Nitakuja kila siku baada ya vipindi nifyatue naye mpaka nyumba isimame. Akasema sawa, mikono inahitajika, udongo hauchagui. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Matofali nimekusamehe, shemeji. Matofali yanafyatuliwa, na mvua ingeweza kuja hata bila wewe. Lakini mimi niliingia nyumbani kwako peku nikakuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo, na wewe ukaupokea msamaha wangu ukauweka. Matusi ya mama niliyapokea bure. Sasa ule msamaha niliokuomba, nirudishie."

Nilisimama pale na manyunyu yananiingia shingoni. Nikamuuliza kitu kama hicho kinarudishwaje.

"Mimi sijui," akasema, akiinama tena kwenye kalibu. "Wewe ndiye mwandishi."